Nilivyokwenda Doha Kumpeleleza Dereva

Wenzangu wa kikundi, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, mwingine kwenye simu, mwingine msibani kabisa, mbele ya wafiwa, kwamba Doha kulikuwaje. Kila nikisimulia naongeza chumvi. Wiki iliyopita nimejisikia kwa masikio yangu nikisema nilikaa huko wiki mbili, wakati nilikaa siku tano. Basi naandika mara moja, mpeane msome, na mwenye swali aulize akishafika mwisho.

Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Hayana utamu, na nikiyaanza nitakasirika upya.

Tanga hadi Dar es Salaam

Saumu mnamjua, binti wa marehemu kaka yangu, yule nesi. Ndoa yake ya kwanza niliipitisha mimi. Kaka alinituma Morogoro nikamwangalie yule bwana, na yule bwana akaja kunipokea stendi na gari linang'aa, akanibebea mkoba, akaninawisha mikono mwenyewe, akaniita mama kabla sijakaa. Nikarudi Tanga nikasema huyu ndiye. Mwaka wa tatu Saumu alirudi nyumbani na begi moja, mkono umefungwa plasta. Hajawahi kunilaumu hata kwa nusu neno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baadaye Saumu alipata kazi Doha, akamuuguza bibi mmoja wa Kiarabu katika nyumba moja huko Umm Salal kwa miaka miwili. Kila siku yake ya mapumziko alipanda basi kwenda mjini, na dereva wa basi hilo alikuwa Mkenya wa Mumias anayeitwa Idi. Mengine jazeni wenyewe. Saumu alirudi, Idi akatuma posa, na ukoo ukagawanyika vipande viwili kama nazi. Wa upande mmoja walisema hatujui kwao. Wa upande wa pili walisema hata yule wa Morogoro kwao tulikujua, ikasaidia nini. Saumu akasimama mbele ya watu wote akasema Shangazi aende akamwone, akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana basi, hatauliza sababu. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Mnakumbuka nilikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka ishirini na sita. Uongo naunusa ungali jikoni. Lakini ule wa Morogoro ulinipita, na njia nzima ya kwenda Dar, basi likisimama kila penye mahindi ya kuchoma, niliwaza umenipitaje. Jibu nililipata tulipofika Chalinze: nilipokelewa. Mtu anayekuja kukupokea ameshapiga pasi shati. Ameshaosha gari, ameshajifunza maneno. Ukitaka kumwona mtu, mwone siku ambayo hakutegemei.

Kwa hiyo Idi aliambiwa nafika Ijumaa saa tisa alasiri. Mimi nilifika Jumanne asubuhi.

Uwanja wa ndege hadi Al Sadd, kupitia nisikokutaka

Uwanja wa Doha ni mkubwa kiasi kwamba nilitembea mpaka nikadhani nimeshafika mjini. Wale waliosimama na vibao vya majina niliwapita nimeinama, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, ingawa niliyemkwepa alikuwa kazini kwake hana habari.

Mlinzi mmoja wa Kiganda aliniona nazunguka na begi langu la shangazi kaja, akaniuliza nani anakuja kunichukua. Nikamjibu hakuna. Akanitazama kwa huruma. Nikamweleza kwamba nimekataa mwenyewe kuchukuliwa, na huruma ikaongezeka, maana sasa aliona ni ugonjwa. Alinisindikiza mpaka kwenye mabasi, akanisaidia kupata kadi, akanifundisha kwamba unaigusisha kwenye mashine ukipanda na unaigusisha tena ukishuka. Kushuka nikasahau. Nilipopanda basi la pili mashine ikapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa, na abiria wote wakageuka kumtazama mwizi.

Basi hilo la pili ndilo lililonipeleka nisikokutaka. Nilimuuliza mzee wa Kihindi aliyekaa pembeni yangu kama linakwenda Al Sadd. Akatikisa kichwa huku na huku taratibu, uso umejaa wema. Kwetu kichwa kinakwenda juu na chini au kinakwenda pembeni, hakichanganyi, kwa hiyo nilichukua ule wema ndio jibu. Baada ya nusu saa nikashushwa The Pearl, kisiwa cha kutengenezwa na watu, mahali pa maboti meupe yaliyopangwa kama viatu mlangoni mwa msikiti. Nilikaa kwenye kiti kizuri nje ya mgahawa, akaja kijana kuniambia viti ni vya wateja, nikawa mteja. Waliniletea kahawa ya ujazo wa dawa ya kikohozi. Nikaipiga mafunda mawili, nikampigia simu Zainabu aje anichukue.

Zainabu alikuwa mwanafunzi wangu bwenini. Sasa ni msafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Sadd na anaishi hapo hapo karibu na mumewe, chumba na jiko. Alinipikia wali wa nazi ya kopo na samaki, akaniacha nishibe, kisha akaniuliza nimekuja kufanya nini hasa. Nilipomweleza aliweka kijiko chini.

"Matroni, na wewe ukikamatwa?" akauliza.

Nikamwambia mimi ndiye huwa nakamata.

Al Sadd hadi Umm Salal, kwenda na kurudi

Idi alishaiona picha yangu, kwa hiyo nilihitaji kujisitiri. Mimi si mvaaji wa nikabu, mnajua, lakini Zainabu alikuwa nayo, na Jumatano asubuhi nilisimama kituoni nimefunikwa gubigubi, macho tu yakichungulia. Mkobani niliweka vitumbua vitano, chupa ya maji, na daftari langu gumu, ndugu wa yale niliyokuwa nikiandikia majina ya waliochelewa kurudi bwenini. Saumu alikuwa amenipa saa za zamu ya Idi bila kujua nazitaka za nini.

Basi likaja. Nikamtambua mara moja. Ni mfupi kuliko picha, na hilo niliandika. Viti vya mbele kule huachiwa wanawake, nikachagua cha karibu na dereva, ambacho nikikikalia naona kisogo chake, mikono yake, na macho yake kwenye kioo.

Tukaenda mpaka Umm Salal. Mji ukaisha, zikaja kuta ndefu za nyumba za watu wenye nafasi, yakaja mashamba ya mitende, likaja vumbi. Mwisho wa njia kila mtu akashuka, nami nikashuka, nikagusisha kadi kwa adabu, nikazunguka mlingoti mmoja, nikapanda tena. Idi akanitazama. Nikakaa kwenye kiti kile kile. Nilirudi Al Sadd, nikashuka, nikapanda tena. Safari ya pili hakunitazama kabisa.

Niliyoyaandika siku hiyo hayakuwa mazuri. Aliingia Mkenya mwenzake, mlinzi mwenye sare, akamsalimia kwa furaha, na maneno yao niliyafuata kwa taabu.

"Niaje buda, mbona umekauka hivyo?"

"Leo zi, bro," Idi akajibu bila kugeuza shingo, nikaelewa ni hapana. "Tutaongea jioni."

Mlinzi wa watu akaenda kukaa nyuma kama mtoto aliyenyimwa. Nikaandika: anadharau wenzake. Nikatazama saa, nikaandika na saa.

Kisha njaa ikanishika. Nilichomoa kitumbua, nikakipitisha chini ya nikabu kwa ufundi ambao nilidhani hauonekani. Cha pili kilipokuwa njiani, basi likasimama kituoni, Idi akatoka kwenye kiti chake, akaja mpaka nilipo. Akanionyesha tangazo lenye picha ya chakula kilichopigwa mstari mwekundu. Alisema kwa Kiingereza, halafu kwa Kiarabu, kwa upole lakini mbele ya watu, kwamba humu hairuhusiwi. Kitumbua kilikuwa mdomoni na sikuweza kukimeza wala kukitoa. Akasubiri mpaka nikafunga mkoba. Nikaandika, na hapa kalamu ilitoboa karatasi: hana haya na watu wazima.

Alhamisi

Alhamisi nilirudi bila vitumbua. Nilishapanda safari tatu, na nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kuchoka na kisogo cha yule mtu. Alikuwa sahihi kupita kiasi. Alisimama pale pale kwenye mstari, aliondoka kwa dakika, mikono yote miwili kwenye usukani kama anayepigwa picha. Nikajiambia hata yule wa Morogoro ndivyo alivyokuwa, hakukosea kitu mbele ya watu.

Safari ya nne ilikuwa ya kutoka Umm Salal, saa saba mchana, jua la mwezi wa tisa likiwaka mpaka lami inameremeta kama maji. Tulisimama kituo cha pili, karibu na zile kuta ndefu. Akapanda mtu mmoja. Ndipo nikamwona mwanamke anatoka kwenye kona ya ukuta anakimbia, mwenye umri kama wa Saumu, gauni la maua, mfuko mkubwa unamgonga miguuni, mkono juu.

"Dereva! Ngoja! Ngoja!" Kwa Kiswahili kabisa.

Alikuwa mbali kama kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa jirani wa pili. Hesabu ya kumi tu angefika. Nikatazama kioo. Macho ya Idi yalimwona yule mwanamke, nina hakika, kisha yakahama. Yakanitazama mimi. Mlango ukafungwa, na basi likaondoka.

Yule mwanamke alisimama pale, mkono bado uko juu. Nilifungua mdomo. Neno moja lingetosha, na lilishafika ulimini. Lakini nikisema neno nimejulikana, na nikijulikana safari yangu yote imekwisha bure. Nikaufunga. Nilitoa daftari nikaandika: hana huruma. Chini yake nikaandika hapana, nikaipigia mistari miwili.

Nilipofika kwa Zainabu nilitaka kumpigia Saumu saa hiyo hiyo. Alikuwa zamu, simu haikupokewa. Zainabu akaniambia, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinijibu nayo bwenini akiwa na haki, kwamba mtu hakataliwi kwa kisogo. Nimwone uso kwanza, halafu nimkatae kwa heshima. Nikakubali. Jibu nilikuwa nalo, siku moja haingelibadilisha.

Al Sadd hadi uwanja wa ndege, kwenda kupokelewa

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kupanda basi na begi kwenda uwanja wa ndege ili aonekane ndio kwanza anatua. Ijumaa asubuhi mabasi ni machache. Watu wako majumbani wanajiandaa na sala, na kituoni tulikuwa mimi na paka. Zainabu alikuwa amehakikisha kile kikaratasi cha ndege bado kimefungwa kwenye mkono wa begi, akakikunjakunja kidogo kionekane kimetoka safarini.

Nilifika mapema. Nikaingia msalani, nikavua nikabu, nikavaa mtandio wangu wa maua ule wa kwenye picha, nikajipaka mafuta usoni, halafu nikayafuta ili nionekane nimechoka. Tatizo likawa kutokea. Abiria wanatoka mlango mmoja, na mimi niko upande usio wangu. Nilijibanza nyuma ya nguzo mpaka likaja kundi kubwa, nikajichomeka katikati yake, nikaanza kutembea kama mtu aliyekaa kwenye ndege saa nyingi. Kumbe kundi lote lilikuwa la Wazungu warefu wamebeba makoti ya baridi mikononi.

Idi alikuwa amesimama na kipande cha boksi, ameandika kwa kalamu ya wino: SHANGAZI. Alinitazama mimi, akawatazama wale Wazungu, akanitazama tena.

"Habari ya safari, Shangazi?" akasema. Halafu, kama mtu aliyekumbuka mtihani, "Shikamoo."

Nikaitikia marahaba nusu. Akachukua begi. Tulipokuwa tunatembea aliniambia kwa upole kwamba ameangalia kwenye ubao, na ndege ya Dar ilitua asubuhi. Nikamwambia mizigo ilichelewa. Akauliza kama mizigo ilichelewa kwa muda wa saa saba. Nikamwambia ndiyo. Akasema pole sana, na mimi niliyekamata waongo miaka ishirini na sita nikaona aibu kwa kazi mbovu kiasi hicho.

Gari lilikuwa la kuazima kwa rafiki yake, kuukuu. Mlango wa upande wangu haukufunguka mpaka alipouvuta kwa nje kwa mikono miwili. Halikuwa limeoshwa. Shati lake, nilitazama kwa makusudi, lilikuwa na mkunjo mgongoni.

Uwanja wa ndege hadi kwenye chai

Njiani aliegesha mbele ya kibanda cha chai na akapiga honi. Nikamwuliza kwa nini anawapigia watu honi kama anafukuza mbuzi. Akacheka, akasema huko ndivyo inavyoagizwa, ukishuka mwenyewe ndio wanashangaa. Kweli, mtu akaja mbio na vikombe viwili vya karatasi, chai ya maziwa yenye iliki, nzito na tamu, wanaiita karaki. Ni tamu kweli, sitawadanganya. Nilijilaumu kwa kuifurahia wakati nina jambo baya la kusema.

Nikaanza kwa mbali. Nikamwuliza kazi inaendaje. Nilitegemea nzuri, alhamdulillahi, kama anavyojibu kila mchumba. Idi alizungusha kikombe.

"Shangazi, nikuambie ukweli, wiki hii imenishinda," akasema. "Jana nilifanya kitu mbaya."

Akaanza kunieleza. Pale kazini kwao, alisema, ofisi hutuma watu wanaopanda kama abiria ili kuwachunguza madereva. Huwezi kuwajua, ila wana dalili zao: hawana pa kwenda, wanapanda mwanzo mpaka mwisho na kurudi na basi hilo hilo, wanatazama saa. Jumatano alimpandia mama mmoja mwenye nikabu. Alikaa nyuma yake kabisa, na daftari! Madereva wenzake walikuwa hawajawahi kusikia mkaguzi mwenye daftari, wakasema huyo lazima ni mkubwa. Idi aliacha hata kuwasalimia rafiki zake. Yule mama akafika mahali pa kutoa chakula na kula ndani ya basi, waziwazi, kumjaribu kama ataitekeleza sheria.

Karaki ilinipalia. Idi akanipigapiga mgongo, akanipa kitambaa, akaendelea.

Kuna Mkenya mwenzake anaitwa Akinyi, anafanya kazi katika nyumba moja huko Umm Salal. Anatoka Alhamisi tu, saa saba mpaka jioni, basi. Huenda mazoezi ya kwaya na kuonana na dada yake. Kila Alhamisi wanamchelewesha dakika mbili tatu, na kila Alhamisi Idi humngoja, ingawa hairuhusiwi.

"Jana nilimwona anakuja. Nikaangalia kioo, nikaona yule mama ameshika kalamu. Nikafunga mlango." Akatazama ndani ya kikombe. "Nilikuwa naogopea kazi. Lakini hiyo si sababu, Shangazi. Nilimwona na nikafunga."

Alimpigia Akinyi jioni kuomba radhi, na Akinyi akamwambia haidhuru, kwa sauti ya mtu anayedhurika. Basi la kufuata lilichukua saa nzima. Alipofika mjini dada yake ameshaondoka.

Nilimwuliza kwa nini ananiambia mimi. Anajua fika nimekuja kufanya nini.

"Si ndio umekuja kuniangalia?" akasema. "Sasa nikuonyeshe nini, viatu?"

Ningeweza kunywa chai yangu nikanyamaza. Wenzangu, nawaambia kwa kuwa mnanijua: nililifikiria hilo kwa dakika nzima. Hakuna ambaye angejua ila Zainabu, na Zainabu ananiogopa. Ningemsifu yule kijana, ningerudi Tanga na sifa za mwonaji. Lakini nilimkumbuka yule binti amesimama na mkono juu. Nikafungua mkoba, nikatoa daftari, nikaliweka juu ya dashibodi mbele yake, na nikabu nikaiweka juu yake.

Alivitazama. Akafungua daftari, akasoma ukurasa wa kwanza. Alisoma kuhusu ufupi wake. Akasoma kuhusu kitumbua. Nilitegemea atacheka, na kusema kweli nilikuwa nimeshaandaa kicheko changu kimpokee. Akafika Alhamisi, na hakucheka.

"Ulikuwa pale," akasema. "Ulimwona."

Nikasema nilimwona.

"Na alikuwa anaita kwa Kiswahili."

"Nilisikia."

"Ungesema neno moja tu, Shangazi. Ungesema dereva, ngoja. Ningesimama, hata ungekuwa mkaguzi wa dunia nzima."

Hakupaza sauti. Aliniambia kwamba yeye hana kinyongo, mtu akikagua mchumba wa mtoto wake ana haki, hata angemfuata mpaka bafuni. Lakini Akinyi hakutuma posa kwa mtu. Akinyi alikaa juani saa nzima kwa sababu watu wawili waliomwona walikuwa wanajilinda, na mmoja wao ameandika kwamba mwenzake hana huruma. Alilisoma hilo neno kwa kidole. Halafu akalifunga daftari, akanirudishia, akasema nifunge mkanda.

Sijagombezwa hivyo tangu mama yangu afariki. Nililia, na sikulia kidogo. Idi hakuharakisha kunibembeleza. Aliwasha gari, akaendesha mpaka Al Sadd, akateremka kunifungulia ule mlango mbovu, na hapo ndipo akasema pole, Shangazi, nami nikamwambia samahani, mwanangu. Tulikuwa tumesimama barabarani, magari nyuma yetu yanapiga honi, na safari hii haikuwa kuagiza chai.

Kurudi

Jumamosi asubuhi aliomba ruhusa ya saa mbili akanipeleka uwanjani kwa gari lile lile. Tulizungumza habari za Mumias, miwa, na kwa nini watu wa bara hawasemi shikamoo, jambo ambalo bado hatujapatana. Nilimpa doti mbili za kanga nilizokuwa nimemchukulia mama yake, nikamwomba ampe Akinyi, pamoja na barua niliyoiandika kwa mkono asubuhi ile, yenye kueleza mimi ni nani na nilikuwa wapi. Mpaka leo Akinyi hajanijibu, na sina la kumdai.

Nilimpigia Saumu nikiwa nangoja kuitwa. Alikuwa wodini, nikasikia magurudumu ya kitoroli cha dawa yakipita.

"Umemwonaje, Shangazi?"

"Amenigombeza," nikasema.

"Wewe?" Alicheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya Morogoro. Alicheka mpaka mgonjwa fulani akamwuliza kuna nini. Nikamwambia nimegombezwa kwa haki, usoni, na mtu aliyejua kwamba jibu lake liko mkononi mwangu. Nikamwambia ndiyo. Nikairudia, kwa sababu pale palikuwa na kelele na sikutaka ipotee. Hayo mnayajua, maana kadi za harusi mmeshapata.

Hili hamlijui. Nilimwuliza, kwa mzaha tu, kama mtu anayejipongeza: na kama ningesema hapana?

Magurudumu yalisimama.

"Ningemwandikia siku hiyo hiyo nikamkatalia," Saumu akasema. "Nilikuahidi. Na nisingekuuliza sababu."

Alisema kwa upole ule ule ambao hunilaumu nao kwa kutonilaumu. Nikamwambia ahadi ya namna hiyo asimpe mtu tena maishani mwake, hata mimi, hasa mimi. Akasema sawa, Shangazi, akaniambia nisisahau kula, akakata. Ndege ya Dar ikaitwa mara ya kwanza na ya pili. Nilikuwa bado nimekaa na simu sikioni, nikiiwaza ile hapana yenye mistari miwili na simu ambayo Saumu hakuipokea Alhamisi, mpaka mhudumu akaja akaniuliza kama kuna mtu namngoja.